Kuku Wanne

Kitabu kilikuja ndani ya suruali,
mfuko wa kulia, kimekunjwa kama barua ya deni.
Luteni Odaga aliniletea zipu, akaondoka na haraka zake.
Bombo hatuna duka la vitabu; tuna mifuko ya watu,
na mimi kila mfuko naupekua
kabla sindano haijagonga sarafu ikavunjika.
Kikulacho ki nguoni, walisema wahenga;
hawakusema ni mfuko gani.

Zipu niliimaliza siku ileile.
Kitabu, wiki mbili.

Ni nchi isiyo na jina, ila ina foleni.
Wachawi wametwaa serikali bila risasi:
wamechapisha fomu.
Kila ungo uwe na namba ya usajili,
kuruka usiku kuna ushuru, kuruka mchana kuna faini,
na anayetembea kwa miguu anashukiwa.
Waziri wa Usingizi huwaroga raia kwa zamu,
mtaa kwa mtaa, kama mgao wa umeme.
Hapo nilicheka cherehani ikaniponyoka,
nikashona kola kwenye kwapa.
Shangazi Bakhita akainua macho kutoka kwenye ukindu wake.
"Kuna nini?"
Nikamsomea. Akacheka mpaka akashika tumbo,
kisha akauliza, "Na hizo nyungo zao, nani aliwasukia?"

Hilo kitabu hakisemi.
Kurasa mia tatu na kumi na mbili za nyungo angani,
na hakuna hata mwanamke mmoja aliyeketi mkekani
vidole vimechubuka, akihesabu rangi:
nyekundu, njano, tena nyekundu.

Nakipenda. Niseme ukweli, nakipenda.
Kinawavua wakubwa nguo bila kugusa kifungo.
Yule Mchawi Mkuu anayehutubia saa sita nzima
juu ya faida za kusema kwa kifupi,
mimi namjua. Nimempima kiuno.
Nimempanulia koti mara tatu.

Lakini sura ya tisa.
Kikongwe mwenye macho mekundu anafukuzwa sokoni,
anarushiwa nyanya mbovu, anaanguka matako chini,
na mwandishi anatuomba tucheke.
Luteni amepiga mstari wa penseli,
pembeni ameandika: "Ha!"

Macho mekundu ni moshi, bwana mwandishi.
Ni kuni mbichi za miaka hamsini.
Nnalongo Tereza alikaa njia ya Wobulenzi.
Mtoto wa jirani alipokufa kwa malaria
walimjia na mwenyekiti, na orodha, na petroli.
Ungo hakuwa nao. Alikuwa na kuku wanne
na redio iliyonong'ona betri zikikaribia kwisha.
Sasa analala sebuleni kwa binti yake, Kawempe,
na shamba lake limeota mahindi ya mwenyekiti.

Nikarudi nyuma kurasa themanini.
Fomu, orodha, mhuri: yote yamo, mwandishi anayajua.
Sasa ukiyajua hayo yote
nyanya za nini?

Nilikifunga. Nikakifungua, maana nilitaka mwisho.
Mwisho wenyewe umekatika kama uzi wa bei rahisi:
mvua inanyesha, nyungo zinaoza,
watu bado wamepanga foleni
na hakuna anayekumbuka ya nini.
Sijui ni uvivu ule au ni werevu.
Nimelala nao usiku tatu, sijui.

Jana, tarumbeta ya kambini ikilia, Luteni akaja.
Alipapasa mfuko kabla ya kuitazama zipu.
"Ulikiona?"
"Elfu saba," nikamwambia.

Akalipa. Akaenda nacho.
Siku akifika tena sura ya tisa
atakuta chini ya "Ha!" yake,
kwa kalamu ninayoandikia vipimo:
"Kuku wanne."